Kifua huivutaje hewa?

WENGI hudhani kuwa mapafu hujijaza yenyewe. Sivyo, hayana misuli ya kuyatanua.

Kazi hiyo ni ya kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo, pamoja na misuli ya mbavu. Kiwambo kinaposhuka, kifua hupanuka na shinikizo la hewa mapafuni hupungua. Ufukweni Homa Bay, ambako Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la nje ni takriban milimita 660 za zebaki. Tofauti ya milimita moja tu, ndogo ajabu, yatosha kuingiza nusu lita ya hewa. Kiwambo kikilegea, mapafu hunywea, shinikizo la ndani huzidi la nje, na pumzi hutoka.

Sasa mfikirie mchimbaji dhahabu wa Macalder, Kaunti ya Migori. Vumbi la mawe yenye silika, akilivuta kwa miaka mingi, huyatia mapafu makovu yakakakamaa. Kifua hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi ili kupata hewa ile ile. Makovu hayo hayaponi. Kinga ni kuulowesha mwamba kabla ya kuuponda, na kuvaa barakoa maalumu inayobana uso. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini kiasi hicho.