Mshipi Kwanza, Fimbo Baadaye: Mwongozo kwa Anayeanza Kuvua kwa Nzi Bandia

Katika mito ya baridi iteremkayo kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare wamo samaki aina ya trauti, ambao walianza kuletwa humo mwanzoni mwa karne ya 20. Samaki hawa huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Wengi wanaoanza uvuvi huu, wakikosa samaki, huilaumu fimbo na kurudi dukani kununua iliyo ghali zaidi. Mara nyingi kosa huwa katika mshipi: ama hauoani na fimbo, ama mvuvi hajui kuutawala.

Katika uvuvi wa kawaida, uzito wa chubwi ndio uuvutao mshipi. Nzi bandia ni mwepesi mno. Mshipi wenyewe ndio umbebao.

Kusoma lebo

Tuchukue mfano wa lebo iliyoandikwa WF5F. Herufi WF huonyesha mshipi ulio mzito upande wa mbele, unaomfaa anayeanza. Penye DT, ncha zote mbili zinalingana, hivyo upande mmoja ukichakaa mshipi hugeuzwa. Tarakimu 5 ni daraja la uzito: takriban mita 9 za mwanzo huwa na gramu 9 hivi. Herufi ya mwisho, F, ni ya mshipi unaoelea. S ni ya unaozama. Hakikisha daraja hilo linalingana na lile lililoandikwa kwenye fimbo, kwa kawaida juu kidogo ya mshikio. Mshipi mwepesi mno hauipindi fimbo vya kutosha. Mzito mno huilemea.

Kuutawala mshipi

Kwanza, usiharakishe. Urushapo nyuma, ngoja hadi mshipi unyooke, ndipo urushe mbele.

Pili, nzi akishatua, pitisha mshipi chini ya kidole cha shahada cha mkono ulioshika fimbo. Kwa mkono wa pili, vuta taratibu sehemu iliyolegea kadiri maji yanavyouleta mshipi kwako. Ukilegea mno, samaki atauma na kutema kabla hujatambua.

Tatu, soma mkondo. Maji ya katikati ya mto aghalabu hukimbia kuliko ya kando. Yakiushika mshipi, hupinda na kumburura nzi, naye trauti humkataa mdudu asiyekwenda na maji. Mara mshipi utuapo, inua ncha ya fimbo na uuhamishie upande wa juu wa mto bila kumtikisa nzi. Iwapo maji yaliyobeba mshipi ni ya polepole kuliko yanayombeba nzi, uhamishie upande wa chini.

Kabla ya kulipa

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, pamoja na maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kwa hiyo, mtake muuzaji akueleze lebo, omba kuujaribu mshipi nje kwenye nyasi, na uhifadhi risiti. Baada ya kununua, usiushike mshipi kwa mikono yenye dawa ya kufukuza mbu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huharibu plastiki. Aidha, vaa miwani kila urushapo, ili kuyakinga macho na ndoana.

Kabla ya kununua fimbo ya pili, linganisha tarakimu mbili na ufanye mazoezi. Huenda fimbo uliyo nayo yatosha.