Mikono ya Mashine ya Kuosha Vyombo Haizunguki? Kagua Haya Kabla ya Kumwita Fundi

Mashine za kuosha vyombo zimeingia katika nyumba za Syokimau, Mlolongo na Athi River, na katika majiko ya hoteli mjini Machakos. Anayetumia maji ya kisima cha kuchimbwa huenda siku moja akakutana na jambo hili: mashine inanguruma kama kawaida, saa mbili zinapita, mlango unafunguliwa, na sahani bado zina ugali uliokauka.

Mara nyingi mashine haijafa. Ni mikono yake ya kunyunyizia maji ambayo haikuzunguka. Mashine ya nyumbani hutumia takriban lita 10 hadi 15 kila inapoosha. Ukirudia kuosha umemaliza mtungi mzima wa lita 20, pengine na zaidi, na kwa familia inayonunua maji ya lori hilo si jambo dogo.

Watu wengi hudhani mikono hiyo inazungushwa na mota. Sivyo. Pampu iliyo chini ya mashine husukuma maji ndani ya mkono, maji yanatokea kwenye matundu madogo yaliyoelekezwa upande, na nguvu ya maji hayo ndiyo inayousukuma mkono uzunguke. Kwa hiyo chochote kinachopunguza nguvu ya maji, au kinachouzuia mkono, kitausimamisha.

Kwanza hakikisha kweli hauzunguki. Kumbuka mkono umeelekea wapi, funga mlango, washa mashine kwa dakika chache maji yakishaanza kurushwa, kisha uisimamishe na ufungue polepole kwa sababu ya mvuke. Rudia mara mbili au tatu. Ukiukuta pale pale kila mara, umekwama. Fahamu pia kwamba baadhi ya mashine hurusha maji kwa zamu, mkono wa juu kisha wa chini, hivyo usimhukumu mmoja kwa kusimama kidogo.

Zima mashine na uchomoe plagi ukutani. Zungusha kila mkono kwa kidole. Ukigonga mpini wa mwiko au sufuria ndefu, tatizo lako limekwisha. Panga vyombo upya. Kama unazunguka vizuri kwa kidole lakini si kwa maji, uliza: ni mkono mmoja au yote? Mmoja ukikwama, kasoro huwa kwenye mkono wenyewe. Yote ikikwama, tazama chujio, maji yanayoingia, au pampu.

Maji ya visima vingi vya Mavoko yana chumvi na madini mengi. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai ndio huo huo unaoziba matundu ya mikono. Ichomoe mikono (mingi huvutwa tu au hufunguliwa kwa skrubu moja), iloweke katika maji ya moto yaliyochanganywa na siki nyeupe kwa nusu saa, kisha zibua kila tundu kwa kijiti cha meno. Usitumie msumari, utapanua tundu na maji yatapoteza nguvu. Tikisa mkono: ukisikia kitu kinacheza ndani, suuza mpaka kitoke. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Chini ya mashine kuna chujio. Maganda ya maharagwe, punje za muthokoi na nyuzi za embe huishia hapo. Lioshe kila wiki. Mashine nyingi zina pia sehemu ya kuwekea chumvi maalumu ya kulainisha maji. Chumvi ya mezani haifai, maana huwa imetiwa viungo vingine.

Presha ya maji nayo ina hesabu yake. Kila mita moja ya kimo cha tangi huleta takriban 0.1 ya bar, na mashine nyingi huhitaji angalau 0.3 hadi 0.5. Yaani maji ndani ya tangi yawe mita 3 hadi 5 juu ya mashine. Anayeishi ghorofa ya mwisho, tangi likiwa juu tu ya dari lake, ndiye huumia zaidi. Maji yakiingia kidogo, pampu huvuta hewa na mikono husimama. Kabla ya kununua pampu ya kuongeza presha, funga bomba, fungua paipu inayoingiza maji na usafishe kichujio kidogo cha waya kilichomo. Baada ya mgao, maji yakirudi na tope, hicho ndicho huziba kwanza.

Na sabuni! Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai kabisa humu. Povu hujaa, pampu inakosa maji ya kushika, mikono inasimama. Tumia sabuni iliyotengenezewa mashine.

Yote hayo yakiwa sawa, na bado unasikia pampu ikivuma bila maji kurushwa, au kimya kabisa, muite fundi wa umeme wa mashine hizi. Usiifungue pampu mwenyewe. Mweleze ni mkono upi uliokwama na ulichokwisha kusafisha, ili asianze kazi upya kwa gharama yako.