MAMA MKUBWA AVUKA MPAKA AKIWA NA MIAKA 64

Ndugu msomaji, wako watu wanaosema kwamba kwenda nchi za nje ni kazi ya vijana na ya wenye fedha nyingi. Mzee, wanasema, akae kwake angoje wageni.

Mimi ni Bwana Shamba katika wilaya ya Missenyi, mkoa wa Kagera. Mpaka wa Uganda uko karibu nasi. Magari yaendayo Kampala tunayaona kila siku. Hata hivyo nawajua wazee wengi wa hapa ambao hawajauvuka mpaka huo hata mara moja.

Leo nataka kuwaeleza habari za mmoja aliyeuvuka. Ni Mama Mkubwa wangu, yaani dada ya mama yangu mzazi. Alizaliwa mwaka 1954. Safari yake ya kwanza nje ya nchi aliifanya mwaka 2018, akiwa na miaka 64. Mimi nilimsindikiza. Nilidhani nakwenda kumfundisha. Kumbe mimi pia nilikwenda kufundishwa.

DADA NA MDOGO WAKE

Mama Mkubwa alikuwa na mdogo wake wa mwisho. Huyo mdogo aliolewa Uganda mwaka 1976, katika kijiji kilicho upande wa Kyotera. Alipokwenda kwa mumewe alichukua machipukizi ya mgomba kutoka kibanja cha mama yao. Kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba. Ilikuwa aina ya ndizi za kupika ambayo mama yao aliipenda kuliko zote.

Mwezi Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Wananchi waliokaa kaskazini ya Mto Kagera walikimbilia kusini. Mama Mkubwa naye aliuvuka mto huo, mtoto akiwa mgongoni na bakuli moja mkononi. Vita vilipokwisha mwaka 1979 alirudi. Alikuta nyumba imechomwa na kibanja kimekuwa pori. Mgomba wa mama yake haukuwapo tena.

Tangu siku hizo mdogo wake alikuja kumwona mara chache, kwenye misiba na harusi. Lakini yeye hakwenda. Kwanza aliogopa kwa sababu ya vita. Baadaye alikuwa akisema, "Sijui kusoma. Nitapotea njiani. Watanidanganya." Hivyo ikapita miaka arobaini.

Mwaka 2015 Mama Mkubwa alijiunga na darasa la watu wazima la kijiji. Wajukuu walimcheka kidogo, naye akawaacha wacheke. Alisoma polepole mpaka akajua.

Mwaka 2018 mdogo wake aliugua miguu, asiweze tena kusafiri. Mama Mkubwa akaniita. Akasema, "Mwanangu, yeye hawezi kuja. Basi mimi nitakwenda."

KARATASI KWANZA

Hatukupanda gari siku hiyohiyo. Safari ya nje huanza kwa karatasi.

Kwanza tulikwenda ofisi ya Uhamiaji kuomba pasipoti. Mama Mkubwa alikuwa na kitambulisho cha taifa, lakini hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wazee wengi hawana. Alielekezwa kuapa kiapo cha kuzaliwa mbele ya wakili. Akafanya hivyo. Alipopewa fomu atie sahihi, karani alimsogezea wino wa dole gumba. Mama Mkubwa akausukuma pembeni. Akasema, "Nipe kalamu." Akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine. Watu waliokuwa nyuma yetu walingoja. Hakuna aliyenung'unika.

Pili, tulikwenda kwa daktari kwa ajili ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu aliyepita miaka 60, kama hajawahi kuchanjwa homa hiyo, yafaa apimwe na kuulizwa na daktari kwanza. Hatari ya kupata madhara makali ya chanjo hii ni kubwa kidogo zaidi kwa wazee. Daktari alimpima, akaridhika, akamchanja. Alipewa kadi ya manjano. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote. Lakini chanjo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 10. Kwa hiyo usichanjwe leo ukasafiri kesho.

Tatu, fedha. Pale Mutukula tulibadilisha fedha katika duka la kubadilishia, si kwa watu wa barabarani. Fedha ya Uganda nayo huitwa shilingi. Jina ni moja, lakini thamani si moja. Mama Mkubwa alihesabu noti zake mara mbili, akaziweka katika pindo la kanga.

UGANDA

Tangu mwaka 2017 pale Mutukula kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Zamani msafiri alipanga foleni Tanzania, kisha akapanga nyingine Uganda. Sasa hukaguliwa katika jengo moja tu, katika nchi anayoingia. Viza hatukulipia, kwa sababu sote ni wananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ofisa alipiga mhuri. Mama Mkubwa aliusoma mhuri ule ili ajue siku alizopewa.

Tulipofika kwa mdogo wake jua lilikuwa limeanza kushuka. Mgonjwa alikuwa ameketi mlangoni. Sitaeleza sana walivyokutana. Walishikana mikono, wakakaa muda mrefu bila kusema neno. Mimi nikaenda kutazama migomba.

Kesho yake tulipikiwa ndizi. Kwetu Kagera tunazipika pamoja na maharage katika chungu kimoja. Kule walizimenya, wakazifunga katika majani ya mgomba, wakazipika kwa mvuke, kisha wakaziponda zikiwa ndani ya majani. Mama Mkubwa alipotia tonge la kwanza mdomoni aliacha kutafuna. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatikisa kichwa, kuonyesha kwamba ndivyo.

Zilikuwa ndizi za mama yao. Mgomba uliopotea Kagera mwaka 1978 ulikuwa hai Uganda, nyuma ya jiko la mdogo wake.

BANGO LA MPAKANI

Tulikaa siku tano. Siku ya kurudi, mdogo wake alimpa zawadi: kitenge, sabuni na mfuko mmoja wa nguo. Mimi niliubeba mfuko ule. Niliona ni mzito, lakini sikuuliza. Hapo nilikosa. Bwana Shamba alipaswa kuuliza.

Tulipoingia jengo la upande wa Tanzania, Mama Mkubwa alisimama mbele ya bango. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili. Alilisoma kwa sauti ya chini, kama alivyozoea darasani: "Mimea, mbegu na matunda yote yaonyeshwe kwa mkaguzi."

Akalisoma tena. Kisha akanitazama. "Mwanangu, machipukizi ni mimea?"

"Ni mimea, Mama."

Akaufungua mfuko. Chini ya nguo kulikuwa na machipukizi matatu ya mgomba, yamefungwa kwa majani makavu. Ulikuwa mgomba wa mama yake.

Mkaguzi alikuwa kijana. Alimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikiwa. Akayatazama machipukizi, akaanza kueleza. Mama Mkubwa akamwambia aketi, aeleze taratibu.

Ndugu msomaji, alichoeleza kijana yule ni hiki. Uko ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko, wengine huuita unyanjano. Uliletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ulionekana Uganda mwaka 2001. Mwaka 2006 ulionekana katika mkoa wetu wa Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani ni za rangi ya kahawia. Ukilikata shina, hutoka utomvu wa manjano kama usaha. Mgomba ukishaugua hauponi. Hakuna dawa ya kuutibu.

Tena jambo la hatari ni hili: chipukizi laweza kuwa na ugonjwa huku likionekana zima kabisa. Ukilipanda, umeupanda ugonjwa katikati ya kibanja chako.

Mama Mkubwa aliujua mnyauko. Alimwona jirani yake akikata kibanja kizima, mgomba kwa mgomba. Akamwuliza kijana, "Haya yangu yanaumwa?"

Kijana akasema, "Bibi, sijui. Labda ni mazima. Kwa macho siwezi kujua, na wewe huna cheti cha ukaguzi kutoka kule."

Kimya kilikuwa kirefu. Nami sikuwa na la kusema. Nilijua kwamba kama asingelisoma lile bango, huenda tungepita. Machipukizi yangefika nyumbani kwa mkono wangu mimi mwenyewe, Bwana Shamba.

Mama Mkubwa aliyashika machipukizi yale, akayaweka juu ya meza. Akasema, "Yachukue. Kibanja changu si changu peke yangu. Kimepakana na vya wengine." Kisha akafuta macho kwa kanga. Machipukizi yaliteketezwa kama sheria inavyotaka.

RWANDA

Wengi wangedhani Mama Mkubwa hatasafiri tena. Lakini Januari mwaka 2019 mjukuu wake alioa Rwanda, karibu na mji wa Ngoma. Naye akasema, "Pasipoti ninayo, kadi ninayo. Kwa nini nikae?"

Tulipitia Kyaka, Karagwe na Benaco mpaka Rusumo. Hapo mpaka ni Mto Kagera, na maji huanguka kwa kishindo karibu na daraja. Mama Mkubwa aliuliza jina la mto. Nilipomwambia alishangaa. "Ndio huuhuu niliouvuka mwaka 1978?" Nikamwambia ndio huohuo. Nikamkumbusha pia kwamba mwishoni mwa Aprili mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walipita pale kuja kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Alisema, "Najua mtu anavyovuka mto akikimbia. Leo navuka nikienda harusini."

Rwanda tulikuta mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni saa. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. La pili ni barabara. Kwetu na Uganda magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Mama Mkubwa alitazama upande tuliouzoea akataka kuvuka, nikamshika mkono. Pikipiki ilitokea upande wa pili. La tatu ni mifuko ya plastiki. Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008. Zawadi yake ya kanga ilikuwa katika mfuko huo, ikabidi aitoe. Tarehe 1 Juni mwaka 2019 nchi yetu nayo ikaipiga marufuku.

Lakini kilichomshika zaidi ni milima. Kule wamelima milima kwa matuta ya ngazi, moja juu ya jingine, na kingo zimepandwa majani ya ng'ombe. Mvua hainyang'anyi udongo.

Akaniuliza, "Mbona wewe hukutufundisha haya?"

Nikamjibu, "Niliwafundisha, Mama. Mlisema ni kazi ngumu."

Akacheka. Tuliporudi nyumbani alichimba matuta mawili katika sehemu ya mteremko ya shamba lake, akapanda majani ya tembo kwenye kingo. Sasa majirani wanne wamemfuata. Mwaka ule hakubeba chipukizi lolote mpakani.

KAMA ANGENGOJA

Mwezi Machi mwaka 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwezi Juni mwaka huo, mpaka ukiwa bado umefungwa, mdogo wa Mama Mkubwa alifariki. Hatukuweza kwenda kuzika. Tulilia matanga hapa nyumbani, mbali na kaburi.

Nilimwuliza Mama Mkubwa kama anasikitikia yale machipukizi. Alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Mgomba wa mama uko kwa mdogo wangu, watoto wake wanaula. Mimi niliuona, nikaula pamoja naye. Kama ningengoja, nisingemwona yeye wala mgomba."

YA KUKUMBUKA KABLA YA KUVUKA MPAKA

1. Uliza ofisi ya Uhamiaji ya wilaya yako hati unayotakiwa kuwa nayo. Masharti hubadilika.

2. Chanjwa mapema. Kama umepita miaka 60, mwone daktari kwanza.

3. Badilisha fedha mahali panaporuhusiwa, uzihesabu.

4. Soma mhuri ujue siku ulizopewa.

5. Usibebe machipukizi, mbegu wala miche bila cheti cha ukaguzi. Ukitaka migomba mipya, mwone Bwana Shamba wako akuelekeze panapopatikana miche safi.

6. Kama unaye ndugu ng'ambo ya mpaka, usingoje mpaka augue.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

Kwa nini Mama Mkubwa alikaa miaka arobaini bila kwenda kwa mdogo wake? Je, wewe ungeyatoa machipukizi yale? Katika kijiji chenu, ni mzee gani ambaye angependa kusafiri, na ni nini kinachomzuia?