Mtoto Mchanga Hujifunza kwa Macho

Asubuhi kando ya Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, si ajabu kumwona mama akianika samaki huku mwanawe mchanga akiwa mgongoni, ndani ya kanga. Hudhaniwa kuwa mtoto huyo hajui lolote zaidi ya kunyonya na kulala. Kumbe muda wote alio macho anajifunza: sura za watu, mwanga unaocheza majini, mkono wa mama unaogeuza samaki.

Anapozaliwa huona kwa ukungu, lakini kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hukiona kwa nafuu. Ndio umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni mwa mama. Mwaka 1963 Robert Fantz, mtafiti wa Marekani, alionyesha kuwa watoto wasiotimiza siku tano hutazama picha yenye sura ya mtu kwa muda mrefu kuliko rangi tupu. Kufikia miezi mitatu, mtoto hufuata kwa macho kitu kinachosogea.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi ni kwamba jicho hupokea mwanga tu. Kinachojifunza kuona ni ubongo, nao una msimu wake. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifumba jicho moja la vitoto vya paka. Lilipofumbuliwa baadaye lilikuwa zima, ila ubongo haukulitumia tena. Hatari hiyohiyo humkabili mtoto anayezaliwa na mtoto wa jicho, ugonjwa ambao si wa wazee pekee. Rubela kwa mjamzito ni kisababishi kimojawapo. Chanjo yake hutolewa nchini pamoja na ya surua tangu 2014.

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka mitatu ambaye bibi yake aliiona mboni nyeupe tangu akiwa na miezi miwili, akaambiwa asubiri akue. Upasuaji ulikwenda vizuri. Uoni ulirudi kidogo tu.

Ukungu mzito wa macho yote mawili hufaa kuondolewa kabla ya wiki ya 10. Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, chanjo ya wiki ya 6 ndiyo nafasi yetu. Mulika macho, tafuta mng'ao mwekundu ulio sawa pande zote mbili. Ukikosekana, toa rufaa siku hiyohiyo kwa bingwa wa macho ya watoto, kama vile KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam. Nawe mama, ukiona mboni nyeupe, macho yasiyotulia, au mtoto wa miezi mitatu asiyekutazama, usingoje tarehe ya kliniki. Baada ya upasuaji mtoto atahitaji miwani na kurudi hospitali kwa miaka kadhaa. Familia ielezwe hayo, na nauli yake, kabla ya safari ya kwanza.