Zimamoto wa La Spezia waliosubiri heshima kwa miaka 58

JEZI ya klabu ya Spezia ya Italia hubeba nembo ndogo yenye rangi za bendera ya taifa. Asili yake ni wachezaji wa daraja la pili ambao, mwaka 1944, waliiangusha timu bora kuliko zote nchini humo.

Msimu wa 1942-43 Spezia ilikuwa Serie B. Septemba 8, 1943, Italia ilitangaza kusitisha mapigano dhidi ya Marekani na Uingereza, na Wajerumani wakaikalia sehemu ya kaskazini. La Spezia, bandari ya jeshi la majini, ilikuwa ikiandamwa na mabomu.

Mchezaji wa daraja la pili hakuwa na jina la kumlinda. Kijana mwenye afya njema aliweza kuandikishwa katika jeshi la utawala wa Mussolini, au kupelekwa Ujerumani kufanya kazi za shuruti. Kikosi cha zimamoto cha mji kikawapa hifadhi. Wanasoka waliandikishwa kuwa askari wa zimamoto, timu ikacheza kwa jina la kikosi hicho na kusafiri kwa gari lake kwenda kwenye mechi.

Kocha wao, Ottavio Barbieri, aliyewahi kuwa bingwa akiwa na Genoa, alimweka mlinzi mmoja huru nyuma ya wenzake. Ulikuwa mpango wa timu inayojua kwamba imezidiwa uwezo.

Fainali zilikutanisha timu tatu katika uwanja wa Arena mjini Milan. Spezia ilitoka sare ya 1-1 na Venezia. Julai 16, 1944 ikaikabili Torino, bingwa wa 1943, yenye Valentino Mazzola na Silvio Piola. Mshambuliaji Sergio Angelini alifunga, Piola akasawazisha, kisha Angelini akafunga tena: 2-1. Siku nne baadaye Torino iliichapa Venezia 5-2, lakini haikusaidia kitu. Wakati huo ushindi ulikuwa na pointi mbili. Spezia ilimaliza na tatu, Torino mbili.

Hata hivyo, Shirikisho la Soka la Italia (FIGC) liliwapa kombe tu, si ubingwa, kwa kuwa mashindano hayo yalihusisha timu za sehemu moja ya nchi. Ni kweli kwamba Roma na kusini yote zilikuwa mikononi mwa majeshi ya Washirika. Lakini ni vigumu kuamini kwamba hoja hiyo ingetiliwa mkazo uleule kama Torino ingeshinda.

Spezia ilishuka kutoka Serie B mwaka 1951 na kurejea 2006. Ilifika Serie A kwa mara ya kwanza mwaka 2020, ikashuka tena 2023.

Mwaka 2002 FIGC iliutambua ushindi ule, ila kwa heshima tu. Katika orodha rasmi ya mabingwa wa Italia, msimu wa 1943-44 hauna jina la klabu yoyote.