Bampa Limepauka, Ndoa Je?

Plastiki nyeusi za RAV4 yetu zilipauka kwa jua la Dar mpaka zikawa kijivu. Mimi nataka tuiuze, baba watoto hataki. Wiki nzima hatusemeshani! Vijana waosha magari walikuwa wakitupakia silikoni. Inang'aa, mvua mbili tatu, kwisha.

Jumamosi nikamkuta anasugua bampa peke yake kwa brashi na maji ya sabuni. Nikachukua kitambaa. Tukakausha vizuri, tukajaribu dawa ya kurudisha weusi sehemu ndogo isiyoonekana, kisha tukapaka kidogo kidogo, kivulini. Tukajikuta tunaongea. Gari hatujaliuza.

Shosti, ukipaka juu ya uchafu hakidumu kitu. Osheni kwanza, tena wawili.