Kununua Mvinyo wa Bei Nafuu

Bei ndogo si dalili ya ubovu. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini, nyingi zikitoka Dodoma, hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo kuliko ule uagizwao nje. Ndiyo sababu mlaji wa Mwanza huupata kwa fedha kidogo.

Soma lebo kwanza. Si kila chupa iitwayo mvinyo imetokana na zabibu: ipo ya ndizi na ya rozela, nayo si mibaya, ila mlaji ana haki ya kujua analipia nini. Kisha kagua stempu ya kodi ya kielektroniki, iliyoanza kutumika Januari 2019, kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu. Stempu iliyochanika ni sababu tosha ya kuirudisha chupa rafuni.

Adui mkubwa zaidi ni jua. Chupa iliyopangwa dirishani kwa wiki kadhaa, Kirumba au Nyegezi, huenda imekwisha kuharibika, na punguzo la bei haliiponyi. Nyumbani, mimina kidogo unuse. Harufu kali ya siki, au rangi ya kahawia katika mvinyo mweupe, yatosha kuirudisha dukani pamoja na risiti.

Kwa sato wa kuchoma, mweupe mkavu uliopozwa hufaa. Anayependa mwekundu mtamu naye hajakosea. Chupa ikishafunguliwa, izibwe, iwekwe jokofuni, na imalizwe kwa siku tatu hivi.